Kinga za Bati

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Kazi nimepata! Kamati ya mtaa imenipa mimi, si shemeji. Nijenge tuta la udongo nyuma ya nyumba za bondeni kabla mvua hazijaanza, ili kijito kisirudie ukorofi wa mwaka jana. Mwenyekiti aliuliza nani ana mashine iliyo tayari. Shemeji, kaka wa mke wangu, akaanza kueleza kwamba kijiko chake cha kuchimbia kiko gereji kinabadilishwa paipu, kitatoka mwisho wa wiki. Mimi nikasimama nikasema: tayari. Neno moja tu. Makofi! Shemeji aliniangalia kama mtu anayemtazama mbuzi akijaribu kufungua mlango kwa ufunguo.

Tatizo: buldoza langu haliko tayari.

Nalipenda, lakini haliko tayari. Ni la mtumba. Juu halina neno. Injini inanguruma, kiti kina mto, koleo la mbele limenyooka. Tabu iko chini. Cheni za kutembelea zimelegea mpaka zinaning'inia kama tumbo la mlevi. Na kinga za cheni, yale mabamba ya chuma nene yanayozuia mawe yasiingie kwenye rola, vile vigurudumu vya ndani, na kuishika cheni isiruke njia yake, ni aibu. Ya kulia imepinda kama sikio la mbwa. Ya kushoto haipo. Imebaki boliti moja yenye kutu, inaonyesha kwamba hapa palikuwa na kinga.

Opereta wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Taratibu kwa sababu hata chafya huipiga kwa awamu, alilala chini ya mashine asubuhi nzima. Nilidhani anakagua. Alikuwa amesinzia. Alipoamka akasema tope lote likwanguliwe, rola zioshwe, kinga zitengenezwe kwa bamba la kweli, ndipo cheni irekebishwe. Kazi ya wiki nzima. Nikamwambia wiki hatuna, Alhamisi mhandisi wa halmashauri anakuja kukagua mashine. Akasema basi tumwambie mhandisi ukweli.

Mtu huyu hana akili ya biashara.

Mke wangu kauliza kama mashine kweli ni nzima. Nimemjibu kwa kukohoa.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Ufumbuzi! Nashangaa sikuufikiria jana.

Mchomeleaji aliniambia bamba nene hana, mpaka liagizwe. Nikaanza kutoka jasho. Halafu nyuma ya karakana yake nikaona bango la bati limeegemezwa ukutani. Refu, limenyooka, halina hata tundu. Lilikuwa la daktari wa meno aliyehama. Nikamwambia alikate vipande viwili, anichomelee kulia na kushoto. Akasema bati lile haliwezi kuzuia hata manyunyu yakija na upepo. Nikamkumbusha kwamba kazi yake ni kuchomelea, si utabiri wa hali ya hewa. Akachomelea huku anatikisa kichwa. Cheche zikawa zinakwenda kila upande, kama nazo zinakataa.

Rangi ya njano nimepaka mwenyewe. Safi sana! Ukisimama mbali kidogo na kufumba jicho moja, utaapa mashine imetoka kiwandani leo.

Kasoro ndogo. Kinga ya kushoto, maandishi ya daktari yanaonekana kwa chini: TUNANG'OA BILA MAUMIVU. Nikapaka tena. Bado yanaonekana. Nikapaka mara nyingine, rangi ikaniishia, na sasa yanasomeka vizuri kuliko mwanzo. Si kitu. Upande huo nitauegesha ukutani.

Taratibu alikuja, akaigonga kinga kwa kidole. Kwa kidole tu! Ikalia. Akakifuta kidole kwenye suruali, akaondoka. Heri angenigombeza. Nimeshindwa kula. Nikiona sahani ya bati naona kinga.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Leo zamu ya cheni. Nimejifunza kwamba kuna kichuchu ubavuni: ukikipampia grisi, gurudumu la mbele linasukumwa mbele na cheni inakaza. Kumbe rahisi hivi! Taratibu akasema ikaze kiasi tu, cheni inataka nafasi ya kupumua, maana tope likijaa ndani itazidi kukaza yenyewe na haitakuwa na pa kwenda. Nikamwambia mhandisi hatakuja kuangalia cheni inayopumua, atakuja kuangalia cheni iliyonyooka. Nikachukua pampu mwenyewe. Nikapampu, nikapampu. Cheni ikapanda, ikawa kama waya wa gitaa. Nikaigonga kwa spana. Ikaitika!

Taratibu alivua glovu, akaziweka juu ya kiti, akasema kwa upole, "Bosi, mficha maradhi kifo humuumbua." Kisha akaenda kunywa chai. Chai ya Taratibu si ya kwenda na kurudi.

Alasiri shemeji alipita kumsalimia dada yake. Ndivyo alivyosema. Mbona alizunguka kupitia kwenye mashine? Alipita polepole, mikono nyuma, kama mtu anayeaga maiti. Akasema rangi nzuri. Hicho tu. Rangi nzuri! Nimelifikiria neno hilo mpaka kichwa kinauma. Alimaanisha rangi ni nzuri, au alimaanisha ni rangi tu ndiyo nzuri?

Na kabla sijapumua, akafika mama mkwe. Nyumba yake ndiyo ya kwanza bondeni, hatua chache kutoka kijitoni. Mwaka jana maji yaliingia, akashinda juu ya meza na kuku wake mpaka yalipopungua. Nikamwamkia, nikajaribu kusimama mbele ya kinga. Mama mkwe hazuiliki kwa kusimamiwa mbele. Akaipita kando, akaigonga kinga kwa fimbo.

"Baba," akasema, "hiki ni chuma au ni sinia?"

Nikasema ni chuma cha kisasa, chepesi. Akasema yeye hajui mashine, anajua sinia. Kisha akasema jambo lililonichoma: kwamba mwaka huu hajapandisha vitu vyake juu ya kabati, kwa sababu mkwe wake ana buldoza.

Nadhani nilisema karibu tena.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Siku ya ukaguzi. Niliamka na wazo. Kinga nikazipaka tope! Mashine ya kazi ina tope, nani atashuku? Upande wa kushoto ukutani, upande wa kulia umepakwa vizuri, mimi nimevaa kofia ngumu. Kofia ilinipa heshima.

Mhandisi ni mama mmoja mfupi, mwenye buti za mpira na subira mbaya. Subira mbaya ni ile isiyochoka. Juu ya mashine hakuangalia hata kidogo! Ile rangi yote! Akaenda moja kwa moja chini, akachuchumaa, akamwomba Taratibu asogeze mashine mbele ili aone upande wa ukutani. Nikasema haina haja. Taratibu, ambaye kwa mara ya kwanza tangu nimjue alifanya jambo kwa haraka, akawa ameshawasha.

Mashine ikasogea. Kinga zikaimba. Siwezi kueleza sauti ile. Kama sufuria zinazogombana.

Mhandisi akaomba ndoo ya maji. Akamwaga. Tope likashuka, na maandishi yakatoka yameoga, yanameremeta. Akayasoma kwa sauti, neno kwa neno. Akaniuliza, "Mnang'oa nini?"

Nikasema, "Visiki."

Hakucheka. Akaandika. Halafu akacheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Hukumu yake: kinga za bati zitolewe, ziwekwe za chuma. Cheni ilegezwe. Tope la ndani likwanguliwe lote, kwenye rola mna mawe aliyoyaona kwa macho yake. Nisianze kazi mpaka arudi kukagua Jumatatu. Ikiwa bado, kazi atapewa mwenye kijiko. Nilimsihi. Nilimwambia mambo mengi, mengine sikumbuki kama ni ya kweli. Akaniambia jambo moja tu, kwamba mashine ikifia nje ya tuta ni hasara yangu, lakini ikifia ndani ya tuta ni hasara ya bondeni nzima.

Maneno ya ofisini hayo.

Taratibu anamjua mtu kwenye machimbo ya kokoto mwenye kinga kuukuu za kweli, za mashine kama yetu. Ataondoka kesho asubuhi, atarudi nazo kesho kutwa. Nikamwambia aende salama. Nina mpango. Roho iko juu juu, lakini nina mpango.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mpango: nijenge tuta leo, peke yangu, kabla ya yeyote kunizuia. Jumatatu mhandisi atakuta tuta limesimama. Atakagua nini? Atainama chini ya tuta?

Asubuhi mawingu mazito upande wa milimani. Mwenyekiti akapiga simu kuuliza kama kazi itawahi mvua. Nikasema imeshawahi. Nikapanda kwenye kiti.

Na ilikwenda! Naandika hili ili lijulikane. Ilikwenda vizuri. Udongo ukasogea mbele ya koleo kama uji mzito, tuta likapanda upande wa juu, likapanda upande wa chini, watu wakatoka nje kunipungia mkono. Mama mkwe akatoa kiti uani, akakaa kutazama. Nilinyoosha mgongo. Kinga zilikuwa zinapiga kelele lakini kelele nayo ni dalili ya kazi. Likabaki pengo katikati tu, pale maji ya kijito hupenda kutokea. Nilipoliona nikajua kwamba shemeji amekwisha.

Nikaingia pengoni. Tope la pale si tope, ni gundi. Likajaa ndani ya cheni. Cheni ikaanza kulia, sauti nyembamba, ya juu. Nikaongeza moto. Jiwe likaingia chini ya kinga ya kushoto, bati likakunjika kama karatasi ya karanga, likavutwa na gurudumu lenye meno la nyuma. Nikaona kwa macho yangu: TUNANG'OA ikaingia ndani, BILA ikafuata. MAUMIVU ilibaki nje.

Mlio kama risasi. Cheni ya kushoto ikaruka njia yake. Mashine ikazunguka nusu, ikazama mpaka tumboni, ikazimika. Katikati kabisa ya pengo.

Kimya. Hata vyura.

Mama mkwe akauliza kutoka kwenye kiti chake kama imepumzika.

Nikasema ndiyo, mama. Inapumzika.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Mvua ilianza kabla ya kupambazuka. Naandika nimelowa, lakini lazima niandike.

Nilikimbilia bondeni nikiwa na kandambili moja. Zamani maji ya kijito yalikuwa yakitawanyika kila upande, kila nyumba ikipata kidogo. Sasa tuta langu limeyakusanya yote. Yote! Na mlango pekee niliouacha ni pengo, na pengo linatazama mlango wa mama mkwe. Maji yalikuwa yakipita chini ya buldoza na ubavuni mwake, ya rangi ya chai ya maziwa, yanazidi.

Nikaenda kwake. Kaketi kitandani, kuku mapajani. Nikamwambia mama, tutoke. Akasema hatoki, alishaambiwa tuta limefanyika. Nikamwambia halijafanyika. Akauliza, si mashine inapumzika? Nikasema, "Mama, mashine imekufa. Na kinga zilikuwa bati."

Akasema, "Hilo nilijua tangu Jumatano. Nilitaka kujua kama wewe unajua."

Akakubali kutoka, ila maji mlangoni yalikuwa magotini na mguu wake mmoja hauna nguvu. Hakukuwa na mtu mwingine. Nikachuchumaa. Mkwe kumbeba mama mkwe mgongoni! Dunia hii! Akaniamuru nitazame mbele, nisiongee, na nisije nikamsimulia mtu. (Shajara si mtu.) Kuku alikaa kichwani mwangu safari nzima. Mama mkwe alikuwa ananielekeza kwa fimbo, kushoto, kulia, kama anaendesha. Nilikuwa na hofu kubwa ya kumwangusha kuliko hofu yoyote niliyowahi kuwa nayo, na mimi hofu nazijua.

Nikamfikisha kwa jirani wa juu. Kisha nikakaza moyo, nikaenda kwa shemeji. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nikamkuta tayari ana koti la mvua na kijiko kinanguruma uani. Kimetoka gereji jana jioni. Nikaanza, "Shemeji, mama yako..." Akanikatiza. Alishapigiwa simu. Hakunitukana. Alinirushia koleo la mkono tu.

Alijaribu kwanza kulivuta buldoza. Kamba ya waya ikakazana, kijiko kikateleza, buldoza halikutikisika hata kidogo. Cheni imejifunga, bati limeganda kwenye meno, tope limejaa kila mahali. Akajaribu tena. Wapi. Maji yakafika dirishani kwa mama yake. Akasimamisha kijiko, akafungua mlango, mvua inampiga usoni.

"Shemeji," akapaza sauti, "nilizike?"

Nililitazama buldoza langu. Lile bomba la moshi. Ule mto wa kiti alionishonea mke wangu.

Nikasema, "Zika."

Akaanza kulimwagia udongo na mawe, kijiko baada ya kijiko. Mimi na majirani tukawa tunashindilia kwa makoleo. Nilidhani Taratibu yuko machimboni, kumbe alikuwa ameshuka kwenye lori nyuma yangu, na kinga mbili za chuma za kweli, nzito, nzuri. Akazitazama. Akalitazama buldoza. Akasema zitafaa kuzuia udongo usimomonyoke. Tukazisimamisha pengoni, moja huku, moja kule, zikashika.

Maji yalisukuma. Tuta lilitikisika. Yakatafuta njia, hayakuona, yakageuka kurudi kijitoni, shingo upande, kama mgeni aliyenyimwa chakula.

Nilikaa kwenye tope nikalia. Watu walidhani ni mvua.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mvua imepungua. Tuta limesimama. Katikati yake limechomoza bomba la moshi la njano, basi. Watu wanakuja kuangalia, wengine wanapiga picha.

Nyumba ya mama mkwe imeingia tope, godoro limeharibika, kabati limevimba. Kutwa nzima nimekwangua sakafu. Mke wangu hajanisemesha tangu jana isipokuwa kunipa ndoo. Nilimwambia samahani. Akanipa ndoo nyingine.

Nilimwomba mama mkwe radhi mbele ya wanawe wote. Nilisema kila kitu, bango, grisi, tope la kupaka. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema mkwe mwongo anaye, mkwe mwoga anaye, na jana amejua kwamba ana mkwe mwenye mgongo, hivyo atashukuru kwa theluthi aliyopewa. Shemeji akacheka mpaka akashika ukuta.

Nimeapa. Naandika ili nisisahau: tangu leo ukweli mtupu. Mashine inaangaliwa kuanzia chini. Mtu anayejua anasikilizwa. Basi!

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Mhandisi kaja na buti zake. Kalizunguka tuta, kalipanda, kalikanyaga. Kanitafuta kwa macho, nami nikajificha nyuma ya Taratibu, lakini Taratibu ni mwembamba. Akasema buldoza lisiguswe mpaka mvua ziishe, maana sasa ndilo linaloshikilia katikati. Akasema kuhusu tuta lenyewe kwamba halijawahi kuwa na kiini kizito namna hii.

Kiini kizito! Nimelirudia neno hilo njia nzima. Mzee mmoja kanisimamisha dukani, kaniambia ni watu wachache wangetoa mashine yao nzima kwa ajili ya majirani. Sikumkatalia. Mzee wa watu, kumkatalia ni utovu wa adabu. Mwingine kauliza kama nilipanga tangu mwanzo. Nikasema mambo ya kitaalamu yana mipango mingi.

Ukitazama vizuri, nani aliliweka buldoza pengoni? Shemeji alimwaga udongo tu.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Hamu ya kula imerudi, namshukuru Mungu. Nimekula vizuri.

Nimekuwa nikiwaza. Mvua zikiisha, buldoza litatakiwa kutolewa, na kulitoa kunataka kreni. Kreni! Mtaa huu hauna kreni. Shemeji hana kreni. Fikiria uso wake!

Na bahati haiji bila kuitwa. Leo nimempata mtu mwenye kreni ya mtumba, ya kutembea kwa cheni. Mke wangu anajua nimetoka kwenda kununua sabuni ya kusugulia sakafu ya mama yake. Nimeiona mashine kwa macho yangu. Mkono mrefu, kioo kizima, honi inalia vizuri ajabu. Mwenyewe ni mtu mcheshi, mkarimu, kanipa soda. Kasema nimwamini, nami nimemwamini, tumeshapeana mikono. Jioni nimempigia mwenyekiti kumwambia kreni iko tayari.

Taratibu kapiga simu kuuliza kama nimeangalia chini yake. Nikamwambia ukweli mtupu, kama nilivyoapa: hapana. Yule bwana alikuwa amesimama pale pale, ananitazama usoni. Urafiki hauanzi kwa kuinama.